Pikipiki ya Obadia Asubuhi ya Harusi

Mtu mmoja alikuwa na pikipiki ndogo, na alikuwa na ndugu mmoja. Pikipiki aliitunza kila siku. Ndugu alimtunza kila mavuno. Jina lake Obadia Tweve, mkulima wa viazi katika milima ya Makete, ambako mwezi wa sita umande huganda juu ya majani, na mtu akipita asubuhi nyasi huvunjika chini ya viatu vyake kwa sauti ya kutafuna. Naitaja baridi hii mapema kwa sababu watu wa tambarare huidharau. Si baridi ya kujikunyata kidogo na kungoja jua. Ni baridi ya kukuta maji ya ndoo yamefunikwa na utando mgumu wa barafu, na jogoo amesimama kwa mguu mmoja akiwaza kama kweli kuna haja ya kuwika.

Kwa sababu hiyo nyumba za kijiji chake zilikuwa na kazi moja ya jioni isiyo na jina. Jua likielekea kuzama, mama wa nyumba huchukua kikapu cha matambara akazunguka akiziba. Huziba ufa wa dirisha, huziba chini ya mlango, huziba tundu la banda la kuku na pengo kati ya ukuta na bati. Asubuhi huzunguka tena akizibua, akianzia chumbani na kumalizia nje, na matambara yote huanikwa juani, maana tambara lililolala na ukungu likirudishwa bichi huleta baridi badala ya kuizuia. Tusekile, mke wa Obadia, aliijua kazi hii kuliko wanawake wote wa upande ule. Hakutoka nyumbani asubuhi, hata kwenda ibadani, mpaka tambara la mwisho limeanikwa. Majirani walimtania kwamba nyumbani kwake hata siri haikupata pa kutokea.

Ndugu wa Obadia aliitwa Akimu. Yeye ndiye kitinda mimba, na kama ilivyo kawaida alibaki kwenye nyumba ya baba yao, ng'ambo ya bonde. Baba alipofariki, Obadia alikuwa mbali, kwenye kambi ya mbao. Aliposhuka kwenye gari na kupanda mlima kwa miguu, alikuta udongo umeshasawazishwa na mashada yameanza kunyauka. Akimu alimkabidhi sweta la kijani la marehemu, kwa kuwa vazi la baba huenda kwa mkubwa. Obadia alilipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza kwa nini hakungojwa. Akimu naye hakueleza, maana katika ukoo wao mdogo haanzi kumsimulia mkubwa habari za msiba, hungoja aulizwe. Basi mmoja alingoja kuelezwa, mwingine akangoja kuulizwa, na katikati yao pakakaa adabu. Sweta likatupwa kwenye kona ya ghala, wala hakulivaa hata siku moja.

Msimdhanie Obadia kuwa mtu mbaya. Aliona undugu umepoa, akaazimia kuupasha moto. Mavuno ya kwanza alimpelekea Akimu gunia la viazi, tena viazi vya kuchagua, visivyo na jicho bovu. Akimu alishukuru, akamkaribisha chai, wakazungumza habari za mbolea mpaka kikombe kikaisha. Mavuno yaliyofuata Obadia aliongeza debe la maharage. Chai ikaja na chapati. Mazungumzo yakabaki mbolea. Aliongeza kuku, akaongeza asali, akaongeza mbegu mpya ya viazi ambayo wengine walikuwa bado hawajaipata, na kila mara alirudi nyumbani akijiuliza ni nini tena ambacho hajapeleka.

Kisha Oliva, binti wa Akimu, akapata mchumba, na siku ya harusi ikapangwa katikati ya mwezi wa sita. Mwanakwaya mmoja alivuka bonde na ujumbe kutoka kwa Akimu: baba mkubwa ndiye atakayemshika mkono bibi harusi na kumwingiza kanisani. Ujumbe ulikuwa mfupi, lakini watu wa pande zote mbili za bonde waliuelewa. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu. Kama Obadia asingefika kabla ya kengele ya pili, Akimu angemwingiza binti yake mwenyewe, na mlango ule ungefungwa, wala hakuna gunia ambalo lingeufungua tena.

Na udhuru haukuwepo. Kule milimani mwezi wa sita, kila aliyekosa ibada, kikao au zamu ya kuchimba mfereji husema jambo lilelile: pikipiki haikuwaka. Limesemwa na walevi, limesemwa na wavivu, limesemwa hata na watu wasio na pikipiki. Hakuna uongo uliochakaa kama huo, na Obadia mwenyewe alikuwa ameutumia kukwepa kikao cha wazazi shuleni. Alijua kwamba kama jambo hilo lingempata kweli siku ya harusi, ukweli wake ungefanana na uongo wa wote.

Ndiyo maana jioni ya kuamkia harusi alifanya maandalizi makubwa. Aliijaza pikipiki mafuta. Alifunga gunia la viazi kwenye kiti cha nyuma kwa mpira wa matairi, akazungusha mara nyingi, akakaza kwa meno. Akaifunika yote blanketi, na pembe za blanketi zikining'inia pande zote. Kisha akamwambia mkewe, "Mama Enea, hakikisha hii pikipiki haipati baridi hata kidogo."

Tusekile alilichukua neno hilo kama alivyolichukua kila neno alilopewa, kwa ukamilifu. Alipomaliza nyumba, akaja kwenye pikipiki, akaizunguka kwa makini. Akainua pembe ya blanketi, akaona kwamba nyuma, chini ya gunia, kuna bomba lenye tundu lililo wazi, linatazama nje kwenye giza, halina mtu wa kulihurumia. Matambara ya kikapu yalikuwa yamekwisha. Akaingia ghalani, akaona sweta lisilovaliwa na yeyote, akakata mkono mmoja, akausokomeza katika tundu lile mpaka ndani kabisa, kwa ncha ya mwiko. Akashusha pembe ya blanketi. Akalala akiwa amemtendea mumewe mema, na nataka hilo likumbukwe.

Asubuhi Obadia alitoka mapema kabla mkewe hajafika nje na kikapu chake. Alikuwa amevaa suti. Alilikunja blanketi upande wa mbele tu, nyuma akaliacha limefunika gunia. Alifungua koki ya mafuta, akavuta choki, akapiga kiki. Pikipiki ilitoa sauti ya mtu aliyefunikwa mto usoni, ikanyamaza. Akapiga tena. Akapiga mpaka akavua koti, kisha tai, na jasho likamtoka katika baridi iliyomfanya mbwa wake akatae kutoka jikoni.

Alimwita fundi Chaula, jirani yake wa chini. Chaula alikuwa fundi wa kweli, si wa kubahatisha, na alifanya kila kitu sawasawa. Alifungua plagi, akaiunganisha na waya wake, akaigusisha na chuma cha injini, akamwambia Obadia apige kiki; cheche ikaruka, ya bluu, nzuri. Hata hivyo aliifuta plagi na kuipasha kwenye jiko la mkaa. Alilegeza skrubu ya chini ya kabureta, akakinga mafuta kwenye kifuniko cha chupa, akayaangalia kwenye mwanga. Hayakuwa na maji. Alitoa kichujio cha hewa, akakikung'uta, akakirudisha. Mafuta yapo, akasema. Cheche ipo. Hewa inapita. Akajikuna kidevu. Aliona kiki ni nzito kuliko kawaida, akasema ni oili imeganda kwa baridi, na kwa siku kama ile lilikuwa jibu la mtu mwenye akili.

Mzee Kyando, dereva wa lori aliyestaafu, alikuja kuangalia. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, ingawa yeye angekwenda taratibu kwa miguu pamoja na wanawake, kwa njia ya mkato inayoshuka bondeni, na kufika wakati wa chakula. Alisema wazi kwamba hakualikwa na maharusi bali na pilau. Akasimama mikono nyuma, akaitazama pikipiki kama daktari.

"Jirani, hii haijashikwa na baridi," akasema. "Imeshikwa na aibu. Inajua inapelekwa kwa nani."

Obadia akafungua kifuniko cha tanki. Akapendekeza yeye mwenyewe waiongeze mafuta, na wakaiongeza mpaka yakafika mdomoni mwa tanki. Kyando akasema enzi zake lori likikataa walilimwagia maji ya moto. Obadia akakimbilia jikoni. Tusekile alikuwa anachuja togwa ya harusini, akaimimina kwenye kibuyu kikubwa na kukitia gunzi mdomoni, kwa kulegeza, kama anavyofanya kila mwenye kujua togwa, maana togwa iliyozibwa kabisa hupasua chombo. Alimpa mumewe maji ya moto, akamwambia kwamba tambara lake moja limebaki kwenye pikipiki, angependa kulichukua alianike. Obadia akamwambia mambo ya matambara yangoje, leo kuna mambo. Maji yakamwagwa. Injini ikatoa mvuke mwingi, wote wakafurahi kwa mvuke ule, kisha ikakauka ikiwa kimya kama mwanzo.

Kengele ya kwanza ikalia ng'ambo ya bonde. Sauti yake husafiri vizuri asubuhi za baridi.

Bodaboda zote za kijiji zilikuwa zimeondoka alfajiri na wageni wa harusi hiyohiyo. Njia ya gari inazunguka bonde lote. Kwa pikipiki, muda ulitosha bado, lakini mguu usingefika. Chaula akasema jambo lililobaki ni kuisukuma. Akashauri gunia lishushwe kwanza, ili iwe nyepesi. Obadia akakataa. Alisema amelifunga tangu jana, amelifunga vizuri, na viazi vya ndugu yake havishuki. Basi waliisukuma na gunia lake, kwa mteremko wa kando ya shamba la pareto, Obadia juu, Chaula na vijana wawili nyuma. Alipoachia klachi, gurudumu la nyuma liligoma kuzunguka, likachora mstari mrefu mweusi kwenye barafu ya majani, na pikipiki ikasimama chini kabisa. Kuipandisha kulichukua nguvu za watu wote, na Kyando, aliyekuwa akishangilia kutoka juu, alisema gunia lile lina uzito wa mtu mwenye deni la maneno. Hakujua amesema nini.

Tusekile akaja na kikapu mkononi. Matambara mengine yote yalikuwa yameshaanikwa kwenye uzio. Akasema kwa upole kwamba anaomba nafasi kidogo achukue lake. Kyando, mtu wa heshima, akaokota kitambaa ambacho Chaula alifutia mikono, akamkabidhi. Tusekile akasema si hicho. Obadia akamwambia, bila kugeuka, kwamba asimame pembeni, wanaume wanashughulika. Tusekile akasimama pembeni. Wanaume watatu wakaizunguka pikipiki tena. Mmoja alikuwa upande wa plagi, mwingine upande wa kiki, mwingine mbele akikagua taa, ingawa hakuna aliyesema taa ina tatizo. Nyuma hapakuwa na mtu. Nyuma palikuwa na gunia, na blanketi.

Ikafika mahali Obadia akakaa juu ya jiwe, na suruali ya suti ikalowa, wala hakujali. Akamwuliza Chaula kwa sauti ya chini atamwambia nini Akimu. Amwambie haikuwaka? Chaula akatazama bisibisi yake. Kule ng'ambo mtu aliyengoja alikuwa amempa nafasi moja, nafasi yenyewe ilikuwa inapoa, na kila alichojua kufanya alikuwa ameshakifanya mara mbili.

Hapo Tusekile akachoka kusimama pembeni. Hakuja kutengeneza pikipiki. Injini hakuijua, na hakusema anaijua. Alikuja kwa ajili ya tambara lake, kwa kuwa jua lilikuwa linapanda na yeye alikuwa bado hajavaa. Akapita katikati yao, akainua pembe ya blanketi, akainama chini ya gunia, akaingiza vidole viwili, akavuta. Mkono wa sweta ukatoka taratibu, mrefu, mweusi wa masizi, kama funza mkubwa anayetolewa kwenye kidole cha mguu, na watu wote wakaufuata kwa macho mpaka ukaisha.

Kisha Chaula akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mti, akajipiga kichwa kwa kiganja, akasema amekagua kila kinachoingia. Obadia akainuka kutoka kwenye jiwe na hasira ikampanda. Ndipo akakumbuka maneno yake mwenyewe ya jana, "haipati baridi hata kidogo," na hasira ikakosa pa kukaa.

Akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa mara moja, kwa nguvu, na moshi wote uliokuwa umefungwa ndani ukatoka kwa pamoja, mweusi, wenye harufu mbaya, ukatua juu ya shati jeupe la mzee Kyando. Watu wakakohoa na kufumba macho. Kwa kitambo kidogo mtu angedhani imeharibika zaidi. Kisha sauti ikanyooka, moshi ukawa mweupe, halafu ukawa mwembamba, na injini ikaunguruma kama paka aliyeshiba.

Tusekile akautazama mkono wa sweta, akalitazama bomba. "Kumbe," akasema. "Hata togwa huachiwa pa kupumulia."

Obadia alimnyang'anya tambara akafutia mikono, akalisukuma mfukoni kwa haraka, akavaa koti, akaondoka. Njiani baridi ilimkata masikio, na machozi yakamtoka kwa upepo, na masizi ya mikono yakahamia usoni kila alipojifuta. Kengele ya pili ikalia akiwa kwenye kona ya mwisho.

Akimu alikuwa ameshamshika binti yake mkono. Mguu mmoja ulikuwa juu ya ngazi ya kanisa. Watu wote waligeuka waliposikia pikipiki, wakamwona mtu mwenye suti iliyolowa makalio, uso una mistari myeusi, na gunia la viazi nyuma. Obadia akashuka. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakatoweka, likabaki lile moja.

"Pikipiki haikuwaka," akasema.

Uwanja mzima ukacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Akimu hakucheka. Aliutazama uso wa kaka yake, akamwambia kwa adabu ileile ya miaka yote kwamba si neno, mradi amefika. Mngedhani mambo yamekwisha hapo. Obadia naye alidhani hivyo. Akatia mkono mfukoni atoe leso ajifute, na kilichotoka mfukoni hakikuwa leso. Ulikuwa mkono wa sweta, mweusi, lakini kwenye ukingo bado kijani.

Akimu akauangalia. "Hilo ni sweta la baba," akasema.

Obadia angeweza kusema ni tambara tu. Angeweza kuelekeza watu kwenye gunia, awaombe vijana walishushe, na harusi ikaendelea. Lakini alikuwa ametoka kuona jambo kwa macho yake asubuhi ileile, na masizi yalikuwa bado mikononi. Akafungua kinywa, na neno lililotoka lilikuwa baya, halikufaa mahali pale, mbele ya bibi harusi na kwaya na mchungaji.

"Kwa nini mlimzika kabla sijafika?"

Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Shangazi mmoja akasonya. Oliva aliinamisha kichwa ndani ya shela. Na Akimu, ambaye kila mtu alitarajia angekasirika, akashusha pumzi kama mtu anayetua mzigo wa kuni mlangoni.

Akaeleza. Alieleza palepale kwenye ngazi, kwa maneno machache. Mvua zilikuwa zimeng'oa njia ya kutoka kambi ya mbao. Baba alizisikia usiku kucha zikipiga bati, na alijua mwanawe mkubwa akisikia habari hatangoja kukuche. Akawaambia wasimngoje wala wasimharakishe. Alisema Obadia asipite kwenye utelezi ule kwa ajili ya mtu ambaye ameshafika anakokwenda. Wamzike, na yeye aje njia ikikauka. Akalivua sweta mwenyewe, akasema lipelekwe kwa Obadia, kwa kuwa kambini kuna baridi.

"Nimengoja uniulize, kaka," Akimu akasema. "Miaka yote nimengoja uniulize. Wewe ukaleta viazi."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Obadia. Alicheka huku machozi yakichora mistari mipya kwenye masizi, na safari hii uwanja mzima ulicheka pamoja naye. Shangazi aliyesonya alipiga kigelegele. Oliva akanyoosha mkono wenye glavu nyeupe, akasema, "Baba mkubwa, naomba mkono, kengele imeshalia." Obadia akamwonyesha viganja vyake vilivyo vyeusi, akataka kujifuta kwanza. Oliva akamshika hivyohivyo. Mzee wa kanisa aliyekuwa kwenye kamba akaipiga kengele mara ya tatu, jambo lisilokuwemo katika utaratibu wa kanisa lile, na mchungaji akajifanya anatafuta ukurasa. Wakaingia. Katika picha zote za harusi ile, bibi harusi ana alama nyeusi ya vidole kwenye glavu, na ukimwuliza, anaionyesha kabla ya kukuonyesha bwana harusi.

Wanawake walifika na togwa wakati wa chakula, na Tusekile akasimuliwa habari yote mara nyingi, kila mara na mtu mwingine. Mzee Kyando alikula pilau akiwa na shati lenye masizi, akieleza kwamba yeye ndiye aliyeligundua tatizo. Gunia la viazi lilishushwa, likapikwa, likaliwa, na Akimu alipomimina chai hakuna aliyetaja mbolea. Mavuno yaliyofuata Obadia alikwenda mikono mitupu, makusudi, aone kitakachotokea. Walizungumza mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa sita unapofika, Tusekile bado huziba nyumba yake kuliko wanawake wote. Pikipiki bado hufunikwa blanketi. Lakini jioni kabla ya kuingia ndani huinama nyuma yake, akahakikisha kwa vidole viwili, akaenda kulala.

Sasa liangalieni jambo hili vizuri, ninyi mnaonisikiliza. Mafuta yalikuwepo. Cheche ilikuwepo. Hewa ilikuwa inapita. Fundi hakukosea, na jirani alikuja, na mkono wa kusukuma haukukosekana, na kila mmoja aliuliza kimepungua nini ili akiongeze. Injini isipoweza kutoa moshi wa jana haiwezi kupokea mafuta ya leo, hata ukiyamwaga mpaka mdomoni mwa tanki. Na aliyeziba hakuwa adui. Alikuwa mke mwema aliyeambiwa azuie baridi, kama vile kule ng'ambo alivyokuwa baba mwema aliyehofia utelezi, na ndugu mwema aliyengoja aulizwe.

Basi mnaporudi nyumbani leo, nawaulizeni: ni tundu gani mmeliziba kwa upendo, na ni gunia gani mmelifunga juu yake ili lisionekane?